Sheikh al-Amin Mazrui: Kadhi Aliyeiogopa Shule na Kuihimiza Elimu



Kwetu ni Nyundo, mlimani juu ya Gisenyi, ambako kengele ya kanisa kuu huisikia kabla hujamaliza uradi wa alfajiri. Babu yangu alikuwa dereva wa lori na alikataa katakata kumpeleka baba shule. Shule zilizokuwapo zilikuwa za misheni, na katika moja, ambayo sitaitaja, mtoto wa jirani alikwenda na jina la Kiislamu akarudi na la ubatizo. Baba akakua bila cheti. Mimi leo niko chuo kikuu, nasoma taaluma za Kiislamu, na bado sijajua kama babu alikosea. Ndiyo sababu muhula huu wote nimeushinda na maisha ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Allah amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1891. Ukoo wake asili yake ni Oman, na katika karne ya 18 Wamazrui walikuwa maliwali wa Mombasa kwa niaba ya maimamu wa Kiyaarubi. Maimamu hao walipoanguka na Wabusaidi wakashika Oman, Wamazrui walikataa kuwatii, wakatawala wenyewe kutoka Ngome ya Yesu. Mwaka 1824 walibanwa sana na Sayyid Said, wakamwomba nahodha Mwingereza, Owen, awape ulinzi. Bendera ya Uingereza ikapandishwa ngomeni. Miaka miwili baadaye ikateremshwa, kwa kuwa London haikuutaka mkataba ule. Mwaka 1837 Sayyid Said akaiteka Mombasa, na wakubwa wa ukoo wakachukuliwa mateka hadi Bandar Abbas, wasirudi. Waliosalia walihamia Gasi na Takaungu. Sheikh mwenyewe alikuwa mtoto mdogo mwaka 1895, Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipopigana na Waingereza. Vita vile viliisha kwa Mbaruk kukimbilia upande wa Wajerumani, Tanganyika.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yeye pia aliyapa uzito: aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, kitabu ambacho kilikuja kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1995. Mtu aliyekulia katika masimulizi ya bendera iliyopandishwa na kuteremshwa hawezi kuziamini ahadi za serikali kirahisi. Huo ni mtazamo wangu.

Tawi lake lakini halikuwa la upanga. Lilikuwa la vitabu. Babu yake, Abdallah bin Nafi, na baba yake, Sheikh Ali, walikuwa wanazuoni, na nyumba yao ilikuwa imetoka katika Uibadhi ikaingia madhehebu ya Shafi. Baba alifariki Sheikh akiwa bado mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi. Kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Kutoka Cairo alilisoma jarida la Al-Manar la Rashid Rida, na humo akakutana na fikra za Muhammad Abduh.

Mwaka 1930 akaanza gazeti lake dogo, Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, la Kiswahili na Kiarabu. Makala zake baadaye zilikusanywa katika Uwongozi. Ukizisoma leo utashangaa jinsi anavyowakaripia watu wake kuliko anavyowakaripia wakoloni: harusi za kukopa, matanga ya kufilisi, ardhi inayouzwa ili pesa iliwe, wasichana wanaonyimwa elimu. Wazungu aliwaona wana siri moja, nayo ni elimu na umoja, lakini vijana wetu walikuwa wakiiga kofia na ulevi na kuiacha siri yenyewe. Kuhusu shule za misheni hakuwa na shaka kwamba zinavuna watoto. Dawa yake haikuwa kumfungia mtoto ndani. Waislamu wajenge shule zao, dini na hesabu zikae chumba kimoja. Hata Qur'ani alianza kuifasiri kwa Kiswahili, wakati tafsiri iliyokuwa imechapishwa ilikuwa ya padri Mwingereza, Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Hakuimaliza.

Hapo ndipo napata taabu kumhukumu babu. Waislamu wa Rwanda wa mwanzo, wafanyabiashara na askari waliokuja na Wajerumani, walitengwa na Wabelgiji katika mitaa ya Waswahili. Shule yao wenyewe wangeijenga kwa nini, na kwa ruhusa ya nani? Mombasa kulikuwa na wakfu, maliwali, makadhi. Babu alikuwa na lori la mtu mwingine.

Na Sheikh naye hakubaki nje ya mfumo. Mwaka ule ule wa 1932 alikuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, akilipwa mshahara na serikali ile ile aliyoitilia shaka. Al-Islah halikuishi muda mrefu. Wapo watakaoona alinyamazishwa kwa cheo. Mimi naona alichagua: ndoa, mirathi na mayatima wa Kiislamu vingeamuliwa na mtu fulani, na ikiwa si yeye angekuwa nani?

Alifariki mwaka 1947. Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14, na baba alikuwa amekusudia kumpeleka Al-Azhar awe mwanasheria wa Kiislamu. Mtoto akaishia Manchester, Columbia na Oxford, kisha akawa profesa wa siasa Makerere, na jina la Mazrui likajulikana duniani kote kupitia vyuo ambavyo baba hakuvikusudia.

Siku barua yangu ya chuo ilipofika, baba aliomba nimsomee. Kisha akavaa kofia yake akaenda makaburini kwa babu, peke yake. Alirudi baada ya magharibi, na sikumuuliza.