Daktari wa Jicho Moja na Uvimbe wa Taya

We fikiria uko Mji wa Kale, hapo Ndia Kuu, na mdogo wako ameamka shavu limefura hadi chini ya sikio. Utasema ni jino tu, sivyo? Siku chache mbele meno yanalegea bila kuoza, na jicho linasukumwa nje. Ukiona hivyo mkimbize hospitali siku hiyo hiyo, manake uvimbe huu huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Aliyetufumbua macho ni Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Yeye mwenyewe alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza akiwa na miaka 11. Alipoomba kazi ya udaktari Afrika Magharibi, wakamkataa kwa sababu hiyo. Vita vikamleta Kenya na Somalia, na mwaka 1946 akahamia Uganda.

Mwaka 1957, pale Mulago, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Kisu kisingefaa kitu. Wiki chache baadaye, Jinja, akamwona mwingine vile vile, na tumboni pia ana uvimbe. Hapo usingizi ukamwisha.

Akaandikia hospitali nyingi barua, kisha 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia gari kuukuu aina ya Ford, wakaendesha kilomita kama 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali. Ramani ikajichora: uvimbe uko nchi za joto, mvua na mbu. Pwani yetu imo. Nairobi, kule juu kwenye baridi, haimo (wacha wajidai).

Mwaka huo huo alihutubia London, na Anthony Epstein alikuwa anasikiliza. Akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala; 1964 kikapatikana kirusi ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Malaria nayo ikaja kuonekana ina mkono wake.

Kumbe dawa zilikuwepo! Burkitt aliwapa watoto dawa za saratani, na baadhi yao, hata kwa dozi moja, uso ulirudi kama zamani. Wako waliokua wakawa watu wazima.

Aliondoka Uganda 1966, akafariki 1993. Uvimbe ule bado unaitwa kwa jina lake.