Mtakatifu Peter To Rot: Katekista Aliyebaki na Watu Wake



Leo twende mbali kidogo, hadi Bahari ya Pasifiki, kwenye kisiwa cha New Britain nchini Papua New Guinea. Katika kijiji cha Rakunai, karibu na mji wa Rabaul, alizaliwa Peter To Rot mwaka 1912. Baba yake alikuwa chifu, na wazazi wake wote wawili walikuwa wa kizazi cha kwanza cha Wakatoliki wa pale. Padre alitamani kijana huyo aende seminari. Mzee akaona bado ni mapema mno kwa ukoo wao kutoa padre, ila akakubali mwanae awe katekista. Peter akasomea kazi hiyo, akarudi kijijini kufundisha, na mwaka 1936 akafunga ndoa na Paula Ia Varpit. Maisha ya kawaida kabisa. Kama umekulia kigango ambacho padre hufika mara moja moja, unaijua kazi ya katekista bila mimi kukueleza.

Halafu vita ikaja. Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor, na ndani ya miezi michache majeshi yake yakaenea Ufilipino, Malaya, Singapore na Burma. (Burma ndiko walikopelekwa babu zetu wa KAR baadaye kupigana na jeshi hilohilo.) Tarehe 23 Januari 1942 wakatua Rabaul. Waaustralia waliokuwa wakiulinda mji, kama 1,400 hivi, walizidiwa mara moja. Mapadre na masista wakawekwa kizuizini. Rakunai ikabaki bila padre, na mwenye kuitunza akawa Peter, kijana wa miaka 29.

Alibatiza, alisimamia ndoa, alizika wafu, alifundisha watoto, na kila alichofanya alikiandika kwenye daftari. Kanisa lilipobomolewa, alijenga kikanisa cha miti porini.

Mwanzoni Wajapani walimwacha. Mambo yalibadilika vita ilipowageukia. Wamarekani na Waaustralia hawakuivamia Rabaul, ngome kubwa mno. Waliizunguka: kuanzia mwishoni mwa 1943 walitwaa visiwa vya jirani, wakajenga viwanja vya ndege, wakaipiga kwa mabomu na kuzuia meli za chakula. Kijeshi ilikuwa akili, na iliokoa maisha ya askari wao wengi. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya watu wa Rakunai! Wakombozi wanapita juu ya vichwa vyao na ndege, wanasonga mbele kuelekea Japani, na wao wanabaki wamefungiwa pamoja na makumi ya maelfu ya askari wenye njaa na hasira.

Ndipo sala za pamoja zikapigwa marufuku. Peter akaendelea kwa siri, vikundi vidogo vidogo, hata mapangoni. Na mwaka 1944 likaja jambo zito zaidi. Ili kuwapendeza machifu na kuwavuta upande wao, Wajapani waliruhusu tena ndoa za wake wengi, desturi ya zamani ya pale. Kumbuka Peter mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu. Hapo alikuwa anawapinga watu wa tabaka lake. Alisema waziwazi kwamba Mkristo ana mke mmoja. Polisi mmoja mwenyeji aliyekuwa akimtaka mke wa mtu, na Peter akamzuia, akampeleka kwa wakubwa wake.

Akakamatwa pamoja na ndugu zake wawili. Wao waliachiliwa baadaye. Yeye akabaki katika kambi ya Vunaiara.

Paula alikuwa akimletea chakula gerezani, akiwa mjamzito wa mtoto wao wa tatu. Siku moja alimsihi mumewe aachane na ukatekista ili arudi nyumbani. Mimi siwezi kumlaumu hata kidogo. Peter alikataa, akamwambia hiyo ni kazi yake na hawezi kuiacha. Alimwomba amletee msalaba wake na nguo zake nzuri, apate kwenda kwa Mungu akiwa amevaa vizuri. Alimweleza pia mama yake kwamba daktari wa Kijapani angekuja kumpa dawa, na hali haumwi.

Usiku huo, Julai 1945, alichomwa sindano ya sumu. Alikuwa na miaka 33. Watu wengi walikuja kumzika, lakini kimyakimya, bila ibada, kwa hofu ya polisi. Jeshi la Japani pale Rabaul lilisalimu amri tarehe 6 Septemba, miezi miwili tu baadaye. Mtoto wa tatu alizaliwa bila kumwona baba yake.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Port Moresby mwaka 1995, na Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu tarehe 19 Oktoba 2025, wa kwanza kutoka Papua New Guinea. Sikukuu yake ni Julai 7.

Mtakatifu Peter To Rot, utuombee.