Mtakatifu Dominiko Savio: Mgeni Aliyejifunza Kupokea Wageni



Kila mwaka mwezi wa Januari, shule za bweni na seminari ndogo za nchi yetu hupokea wanafunzi wapya. Wazazi wamekwisha kuulizana ni shule ipi yenye ufaulu mzuri, ada yake ni kiasi gani, na kama watoto wanashiba. Mtoto mwenyewe anashuka garini na tranka lake, godoro na ndoo, akiwa na swali jingine kabisa: humu ndani nitakaa na nani?

Katika makala hii tunapenda kusimulia maisha ya kijana aliyeingia bwenini akiwa na miaka 12, akaishi huko miaka 2 na miezi 4 tu, na leo Kanisa linamheshimu kama mtakatifu. Wengi tunamfahamu kama msimamizi wa watumishi wa altare. Safari hii tumtazame kama mwanafunzi mgeni, maana tunaamini kwamba utakatifu wake ulikomaa hasa katika namna alivyopokelewa na namna alivyopokea wengine.

Mtoto wa mhunzi

Dominiko Savio alizaliwa tarehe 2 Aprili 1842 katika kijiji cha San Giovanni di Riva, karibu na mji wa Chieri, mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia ya leo. Baba yake, Carlo, alikuwa mhunzi, na mama yake, Brigida, alikuwa mshonaji. Walikuwa watu wa kipato kidogo, na zaidi ya mara moja walihama kutafuta kazi.

Mwaka 1849, akiwa na miaka 7, alipokea Komunyo ya Kwanza. Siku hizo watoto wengi walisubiri mpaka miaka 11 au 12, lakini mapadre wa kwao waliona kwamba mtoto huyu anaelewa anachokiomba. Siku hiyo aliandika maazimio machache, mojawapo likiwa kwamba rafiki zake watakuwa Yesu na Maria. Azimio hili tulikumbuke, kwa sababu baadaye alilazimika kujifunza kwamba urafiki na Yesu haumwondolei mtu wajibu wa kuwa rafiki wa wenzake.

Alipofika miaka 10 alianza kwenda shule ya Castelnuovo, mwendo wa kilomita kadhaa kwa miguu, kiangazi kwenye jua kali na wakati wa baridi kwenye matope na theluji. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimkuta njiani akamwuliza kama haogopi kutembea peke yake. Dominiko akamjibu kwamba hayuko peke yake, yuko na malaika wake mlinzi.

Baadaye familia ilihamia Mondonio, na mwalimu wake akawa Padre Cugliero. Huko ndiko lilikotokea jambo la jiko. Darasa lilipashwa moto kwa jiko, na siku moja wanafunzi wawili walilijaza theluji na mawe. Padre alipouliza nani amefanya hivyo, wao wakamtaja Dominiko. Alikaripiwa mbele ya darasa zima, akaambiwa kwamba kama lisingekuwa kosa lake la kwanza angefukuzwa shule. Yeye aliinamisha kichwa na kunyamaza. Kesho yake ukweli ulijulikana. Padre alipomwuliza kwa nini hakujitetea, alieleza kwamba wale wawili walikuwa na makosa mengine, hivyo wangefukuzwa mara moja, na tena alimkumbuka Bwana wetu aliyesingiziwa akanyamaza.

Shule ilivyochaguliwa

Padre Cugliero aliona kwamba kijana huyu anahitaji shule kubwa kuliko ile ya kijijini. Alimfahamu Padre Yohane Bosco tangu wakiwa pamoja seminarini, na alijua kwamba Don Bosco anaendesha nyumba ya vijana huko Valdocco, pembezoni mwa mji wa Torino, nyumba iliyopokea watoto wa maskini. Akaenda kumweleza habari za Dominiko.

Tarehe 2 Oktoba 1854 Dominiko na baba yake walikwenda kumwona Don Bosco. Alikuwa Becchi, kijijini kwao, pamoja na kundi la vijana wake waliokuja kwa sikukuu ya Rozari. Don Bosco alizungumza na mtoto mwenyewe kwa muda mrefu, akamwuliza juu ya masomo yake na maisha yake. Hakumficha wasiwasi wake: aliona mwili wa kijana ni dhaifu, akahofu kwamba masomo yatamshinda. Dominiko alijibu kwamba Mungu aliyemwezesha hadi hapo atamsaidia na mbele, na kwamba nia yake ni kuwa padre. Ndipo Don Bosco akampa ukurasa wa kitabu autazame na kuukariri kwa ajili ya kesho. Hazikupita dakika 10 kijana akarudi, akausema wote kwa kichwa na kueleza maana yake. Akakubaliwa pale pale. Katika mazungumzo hayo Dominiko alijifananisha na kitambaa, akamwomba Don Bosco awe fundi wa kukishona kiwe vazi zuri la kumtolea Bwana.

Tukitazama namna shule hii ilivyochaguliwa, tunaona watu wanne. Mwalimu aliyemjua mtoto ndiye aliyependekeza. Baba alifunga safari kwenda kumwona mlezi ana kwa ana. Mlezi alimsikiliza mtoto na kumweleza ukweli kuhusu afya yake. Mtoto naye alisema wazi anachokitaka. Nyumba yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Chakula kilikuwa cha kawaida, mama mzazi wa Don Bosco, Mama Margherita, alishughulika na jikoni na kuwatunzia vijana nguo zao, na karakana za viatu na ushonaji zilizoanzishwa mwaka 1853 zilikuwa humo humo walimokaa wanafunzi. Baba yake Dominiko aliona kwamba hapo pana mtu atakayemjua mwanawe kwa jina, na hilo lilimtosha.

Miezi ya kwanza

Dominiko aliingia Valdocco tarehe 29 Oktoba 1854. Alipofika chumbani kwa Don Bosco alikodolea macho maandishi ya Kilatini yaliyokuwa ukutani, na Don Bosco akamsaidia kuyatafsiri. Yalimwomba Mungu roho za watu na kumwachia mengine yote. Kijana alielewa kwamba katika nyumba hii biashara inayofanyika ni ya roho, na akatamani yake iwemo.

Mwanzoni hakufanya jambo lolote la kushangaza. Alifuata ratiba, alitii kengele, aliwasikiliza walimu. Kwa kuwa nyumba haikuwa na madarasa yote, yeye na wenzake walitembea kila siku kwenda kusoma mjini kwa Profesa Bonzanino. Huko ndiko wanafunzi wawili waliopotukaniana familia zao, wakakubaliana kwenda kupigana kwa mawe. Dominiko alijaribu kuwasihi, akashindwa. Akawafuata mpaka uwanjani, akasimama katikati yao akiwa ameinua msalaba mdogo, akataka kila mmoja aanze kumpiga yeye jiwe la kwanza. Mawe yakaanguka chini. Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba upole wake ulikuwa na mifupa. Kunyamaza kwake mbele ya jiko la Mondonio hakukutokana na woga.

Hatari ya mcha Mungu

Hata hivyo, mgeni huyu mwema alikaribia kupotea, na alikaribia kupotelea katika wema wake. Mwaka 1855 Don Bosco alihubiri kwamba ni mapenzi ya Mungu sote tuwe watakatifu, kwamba si vigumu kuwa mtakatifu, na kwamba mbinguni kuna tuzo kubwa kwa anayefanikiwa. Mahubiri yale yalimwingia Dominiko mpaka ndani. Siku zilizofuata akawa kimya, akapoteza uchangamfu wake, akaacha kucheza na wenzake. Wenzake waliona, na Don Bosco akaona. Alipoulizwa kama anaumwa, alisema kwamba anajisikia kuwa lazima awe mtakatifu, na hajui aanzie wapi.

Don Bosco hakumpa sala ndefu zaidi. Alimwambia asifadhaike, adumu katika furaha, atimize wajibu wake wa masomo na ibada, na arudi uwanjani kucheza na wenzake. Vivyo hivyo Dominiko alipoanza kufunga kwa mkate na maji, na kulala wakati wa baridi na blanketi jembamba, Don Bosco alimkataza. Alimtaka badala yake apokee kwa uvumilivu joto, baridi, uchovu na usumbufu ambao Mungu mwenyewe huuleta kila siku.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Aristotle kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki, hata kama angekuwa na mema mengine yote. Don Bosco alilijua hilo kwa uzoefu wa malezi. Kijana akijitenga na wenzake kwa kisingizio cha kumtafuta Mungu, yu hatarini kujitafuta mwenyewe. Seminarini tunaijua hatari hii, kama tunavyoijua ile ya upande wa pili: kijana anayekubali lolote, hata matusi na uvivu, mradi tu asionekane mgeni. Dominiko alipita katikati ya njia hizo mbili. Alicheza na wote, lakini mambo yake ya rohoni hakuyauza ili akubalike.

Mgeni anapokea wageni

Siku moja aliingia Valdocco kijana aitwaye Camillo Gavio, kutoka Tortona, mwenye kipaji cha uchoraji na uchongaji. Alikuwa ametoka kuugua, hamjui mtu, akasimama pembeni akiwatazama wengine wakicheza. Dominiko alimwendea, akamwuliza habari zake na za ugonjwa wake, akamsikiliza. Kisha akamweleza kwamba katika nyumba hii utakatifu ni kuwa na furaha sana na kutimiza wajibu vizuri. Tangu saa hiyo Gavio akawa na rafiki. Muda si mrefu ugonjwa ulimrudia, na baada ya kama miezi 2 tu tangu afike alifariki.

Rafiki yake mwingine alikuwa Giovanni Massaglia wa Marmorito. Hawa wawili walipatana kuambiana makosa yao bila kuoneana haya, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Massaglia naye aliugua, akafariki mwaka 1856, na Dominiko alimlilia kwa muda mrefu.

Tarehe 8 Juni 1856 Dominiko na wenzake, kati yao Michele Rua ambaye baadaye alimrithi Don Bosco, walianzisha chama cha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Pamoja na sala na masakramenti, wanachama walijitwika kazi moja ya pekee: kila mmoja alikabidhiwa mwenzake mgeni au mtukutu, awe rafiki yake, acheze naye na kumsaidia. Kazi hii hawakumwachia mlezi peke yake. Don Bosco alipoanzisha Shirika la Wasalesiani mwezi Desemba 1859, wengi wa wale vijana wa kwanza walitoka katika chama hicho.

Dominiko hakuiona siku hiyo. Afya yake ilizidi kudhoofika, na madaktari wakashauri arudi nyumbani. Tarehe 1 Machi 1857 aliondoka Valdocco kwa uchungu, maana alitamani kufia pale, na alijua kwamba harudi. Huko Mondonio madaktari walimtoa damu mara 10, kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya wakati ule, na yeye alivumilia. Alifariki jioni ya tarehe 9 Machi 1857, baba yake akimsomea sala za wanaokufa. Alikuwa hajatimiza miaka 15. Upadre aliouota hakuufikia. Papa Pius wa XII alimtangaza mtakatifu tarehe 12 Juni 1954.

Nasi tufanye nini?

Wapendwa wazazi, ufaulu na ada ni mambo ya lazima kuulizia. Lakini kabla ya kufunga tranka, ulizeni pia: nani katika shule hiyo atamjua mwanangu kwa jina? Akihuzunika, nani atatambua? Na mtoto mwenyewe mmemsikiliza?

Wapendwa wanafunzi mliotangulia, desturi ya kuwasumbua wageni, kuwatuma na kuwacheka kwa kuwa ni njuka, haimkomazi mtu. Humfundisha mgeni kungoja zamu yake ya kumwonea mwingine. Dominiko alikata mnyororo huo kwa jambo dogo kabisa: alivuka uwanja kumfuata aliyesimama peke yake. Kila mmoja wetu aweza kuvuka uwanja.

Nanyi mnaoingia bwenini kwa mara ya kwanza, msione haya mkikumbuka nyumbani usiku. Timizeni wajibu wenu, chezeni, salini, mwambieni mlezi mnapozidiwa. Mwakani atakuja mgeni mwingine, naye atawahitaji ninyi.

Mtakatifu Dominiko Savio, utuombee.