Barghash na yoti iliyokaa benchi

Kwa shabiki wa Korogwe au Handeni, chombo cha majini ni mtumbwi wa Mto Pangani: unavusha watu, unavua, unaingiza hela. Yoti ni habari nyingine kabisa, chombo cha starehe na heshima ya mwenyewe.

Sultani Barghash wa Zanzibar alitawala kuanzia 1870. Kimbunga cha 1872 kikamvunjia meli zake, naye akaagiza Glasgow kutoka Uskochi, iliyoundwa 1878. Ilipofika haikumkolea. Ikawekwa benchi, nanga chini mbele ya kasri.

Barghash alifariki 1888. Agosti 27, 1896 Glasgow ikaingizwa uwanjani, ikajibu mapigo ya manowari za Waingereza, ikazamishwa. Vita viliisha kwa dakika kama 40, hata mapumziko hayajafika.