Sultani Aliyefungua Hazina kwa Ajili ya Farasi

Wasomaji wengi wa tarekhe ya Kiislamu hulijua jina la Wamamluki wa Misri kwa ajili ya vita vyao na Wamongoli. Walakini si wengi wanaojua kuwa mmoja wa masultani wao, Al-Nasir Muhammad bin Qalawun, aliifanya kazi ya kuzalisha farasi kuwa shughuli ya serikali, yenye makarani wake, daftari zake na fungu lake katika hazina. Maisha yake yana funzo kwa kila mtawala anayetumia mali ya umma kwa jambo alipendalo.

Al-Nasir alizaliwa Kairo mwaka 1285. Baba yake, Sultani Qalawun, aliletwa Misri kama mtumwa wa kijeshi. Hiyo ndiyo maana ya asili ya neno mamluki. Baba alipokufa alirithiwa na ndugu yake mkubwa, naye huyo akauawa mwaka 1293. Ndipo Al-Nasir akatawazwa, hali ni mtoto wa miaka minane tu. Mwaka uliofuata akaondolewa. Akarudishwa mwaka 1299, lakini mamlaka yalikuwa mikononi mwa maamiri wawili wakubwa, Salar na Baybars, waliomwekea mipaka hata katika matumizi ya nyumba yake.

Mwaka 1309 aliaga kwamba anakwenda Hija, kumbe safari yake ilikuwa ya kwenda ngome ya Karak, ng'ambo ya Mto Yordani. Huko alijiuzulu, akakaa akipima mambo na kuandikiana na maamiri wa Sham. Mwaka 1310 akarejea Kairo na jeshi, akakaa juu ya kiti mara ya tatu. Safari hii hakuna aliyemwondoa mpaka alipokufa.

FARASI NA MPAKA

Qalawun, baba yake, aliwapendelea farasi wa Barqa, upande wa Libya. Aliwaona ndio wa kazi, na wale wa Kiarabu aliwahesabu kuwa ni wa pambo. Mwana alikuwa na rai nyingine. Alitaka farasi wa Kiarabu safi, na hasa wale wa kabila la Al Fadl, mabedui wa jangwa la Sham walioongozwa na ukoo wa Muhanna bin Isa.

Mapenzi hayo yalikuwa na siasa ndani yake. Jangwa hilo lilikuwa baina ya Misri na dola ya Wamongoli waliotawala Iraki na Uajemi. Mwishoni mwa mwaka 1299 Wamongoli waliwashinda Wamamluki karibu na mji wa Homs, wakaingia Dameski, na hawakuvunjwa nguvu mpaka vita vya mwaka 1303. Kwa hivyo mabedui wa mpakani walikuwa watu wa kubembelezwa. Muhanna mwenyewe alipata kuiacha Misri akaegemea upande wa Wamongoli, kisha akapatana tena na Sultani. Bei ya farasi ilikuwa pia bei ya urafiki.

Nayo haikuwa bei ndogo. Waandishi wa zama za Wamamluki wanasimulia kuwa farasi mmoja aliweza kulipiwa dirhamu 10,000, 20,000 au 30,000, na kwamba farasi jike mmoja wa nasaba kuu alifika dirhamu 100,000. Wanasimulia pia kuwa siku moja Waarabu wa jangwani walilipwa jumla ya dirhamu milioni moja. Chema chajiuza, na mabedui hawakuwa na haja ya kuvitembeza vyao. Waliwachunga farasi wao zaidi, wakahifadhi nasaba zao, wakaleta Kairo wale wasiopata kuuzwa kwa mtu yeyote.

DAFTARI NA UWANJA

Sultani hakununua ovyo. Kila farasi aliyeingia aliandikwa jina lake, nasaba yake, aliyemuuza na siku aliyonunuliwa. Majike waliangaliwa wakizaa, na watoto wao walitunzwa katika uwanja wao maalumu huko Kairo. Mkuu wa mabanda, mwenye cheo cha amir akhur, alikuwa miongoni mwa maamiri wakubwa wa dola. Tabibu wa farasi wake, Abu Bakr bin Badr, alimtungia kitabu juu ya maumbile, malezi na maradhi ya farasi, kinachojulikana kwa jina la Al-Nasiri. Kila mwaka maamiri walitunukiwa farasi kutoka katika mabanda ya Sultani, na kwa njia hiyo damu njema ilienea katika jeshi.

Yakawako na mashindano. Sheria haikuyazuia. Mbio za farasi zimeruhusiwa kwa kuwa ni mazoezi ya jihadi, na wanazuoni wameeleza kuwa tuzo ikitolewa na mtawala ni halali. Kinachokatazwa ni kila mshindani kuweka mali yake ili mmoja ale ya mwenzake, kwani hiyo ni kamari.

Katika mashindano hayo kimebaki kisa kimoja. Muhanna alimpeleka farasi jike wa kijivu kwa sharti kwamba akiwashinda farasi wa Misri awe wa Sultani, na akishindwa arudishwe kwao. Tena asipandwe ila na bedui aliyekuja naye. Siku ya mbio maamiri walileta farasi wao waliopambwa. Bedui yule alipanda bila tandiko, amevaa kanzu na kofia tu, akawaacha wote nyuma.

NANI ALILIPA?

Mwaka 1315 Sultani aliamuru ardhi yote ya Misri ipimwe upya, na katika kila sehemu 24 akajitengea 10. Hapo ndipo ulipotoka uwezo wake. Lakini majumba, misikiti, zawadi na farasi vilikula zaidi ya hayo. Katika miaka ya 1330 alimtegemea mwangalizi wa hazina yake, Al-Nashw, aliyewabana wafanyabiashara kwa kutaifisha mali na kuwalazimisha kununua bidhaa za serikali kwa bei ya juu. Kilio kilipozidi, mwaka 1339 Sultani alimkamata mtu wake huyo, naye akafa kizuizini.

Ibn Battuta, ambaye baadaye alifika Mombasa na Kilwa, aliiona Kairo ya Al-Nasir mwaka 1326 akaisifu sana. Ufahari aliouona ulikuwa wa kweli, na gharama yake pia.

Al-Nasir alifariki mwezi wa Juni 1341, akaacha maelfu ya farasi. Alizikwa usiku katika kaburi la baba yake, kwa maziko yasiyolingana na cheo chake. Wanawe wanane walipokezana kiti katika miaka 20 iliyofuata, wengi wao wakiwa vijana mikononi mwa maamiri, kama yeye alivyokuwa. Mabedui walikuwa wamezoea bei za Al-Nasir, na hazina haikuwa tena na mtu wa kuzilipa.

Alithibitisha kwamba serikali ikilipa vizuri na kuandika vizuri, wafugaji huleta kilicho bora. Lakini kazi yote aliifunga katika mapenzi ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoingia kaburini, daftari peke yake hazikuweza kuwalisha farasi.