George Washington: Rais aliyesumbuliwa na wapangaji wa mbali

WENGI wanamfahamu George Washington kama jemadari wa vita vya uhuru na rais wa kwanza wa Marekani. Wachache wanajua kuwa alikuwa pia mwenye mashamba ya kupangisha, na kwamba alipata hasara kubwa kwa sababu mashamba hayo yalikuwa mbali na macho yake.

Washington alizaliwa Februari 22, 1732, Virginia. Akiwa bado kijana alijifunza upimaji wa ardhi, na mshahara wa kazi hiyo aliutumia kununua ardhi. Shamba lake la kwanza alilinunua mwaka 1750, akiwa na miaka 18, katika bonde la Shenandoah. Baadaye alipata Mount Vernon, lililokuwa makazi yake, ambalo lililimwa na watumwa.

Mashamba mengine aliyagawa vipande na kuyapangisha. Mikataba yake ilimtaka mpangaji alipe kodi kila mwaka, ajenge nyumba na apande miti ya matunda. Mingine ilidumu hadi watu watatu waliotajwa ndani yake wafariki. Kwa maandishi, mambo yalikuwa mazuri.

Ardhi ya magharibi

Mwaka 1767 alianza kumtumia mpima ardhi William Crawford kumtafutia maeneo mazuri ng'ambo ya milima, ardhi ambayo ilikuwa ya wenyeji Wahindi Wekundu. Miongoni mwa aliyopata ni ekari 2,813 huko Millers Run, ambako leo ni Pennsylvania. Hati ya eneo hilo aliipata mwaka 1774. Lakini kabla hati haijatoka, familia kadhaa zilikuwa zimekwisha kuingia, zikafyeka msitu na kujenga.

Eneo jingine aliingia ubia na Gilbert Simpson, ambaye alikaa shambani na kusimamia. Washington alitoa mtaji, na kinu cha kusagia nafaka kikajengwa.

Mwaka 1775 vita ikaanza. Kwa miaka minane Washington alikuwa kambini, na Mount Vernon alimwachia ndugu yake Lund Washington. Lund alishughulika na shamba la nyumbani, lakini kodi za mbali hazikufuatiliwa. Waliolipa walilipa kwa noti zilizokuwa zikishuka thamani kila siku. Crawford naye alitekwa na kuuawa mwaka 1782, hivyo jicho la Washington huko magharibi likafumba.

Safari ya kukagua

Septemba 1784, vita ikiwa imekwisha, alipanda farasi kwenda kujionea. Njiani alikutana na wapangaji wa Shenandoah na kudai malimbikizo. Alipofika kwa Simpson alikuta kinu kimeharibika. Kiliponadiwa ili kikodishwe, hakuna aliyejitokeza.

Millers Run ilikuwa tabu zaidi. Wakazi walidai ardhi ni yao kwa jasho lao. Washington aliwapa njia mbili: wanunue kwa awamu tatu zenye riba, au wapange kwa miaka 999. Wao walitaka muda mrefu zaidi bila riba. Hapakuwa na mapatano, na mmoja baada ya mwingine walisema wako tayari kwenda mahakamani.

Washington alimweka wakili Thomas Smith na kumpelekea nyaraka zote. Oktoba 1786 mahakama ilimpa ushindi. Hata hivyo ushindi huo haukumletea kodi, kwani wakazi wengi waliondoka badala ya kuwa wapangaji wake. Mwaka 1796 aliiuza ardhi hiyo.

Taarifa kila wiki

Alipokuwa rais, mwaka 1789 hadi 1797, alikuwa tena mbali na nyumbani. Safari hii hakurudia kosa. Kila wiki msimamizi wa Mount Vernon alitakiwa kumtumia taarifa ya maandishi: kazi iliyofanyika katika kila shamba, hali ya hewa, mifugo iliyozaliwa na iliyokufa. Naye alijibu kwa barua ndefu, akiuliza hata juu ya jambo dogo.

Alifariki Desemba 14, 1799, akiwa na zaidi ya ekari 50,000. Wosia wake uliagiza watumwa wake mwenyewe waachiwe huru baada ya kifo cha mkewe.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mwenye nyumba mkoa mwingine, maisha yake yana funzo. Hati ni muhimu, kwani ndiyo iliyomshindia kesi. Lakini hati haikusanyi kodi wala haizibi paa linalovuja. Nenda ukakague kabla ya kulipa, weka msimamizi anayetoa hesabu kwa tarehe maalumu, na usikae miaka bila kufika. Mali bila daftari, hupotea bila habari.