Jaji Jonathan Jasper Wright, 1840–1885

Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitazamia nimchague mmoja wa wale ambao picha zao tulizibandika bwenini enzi zetu. Nimemchagua mwingine, ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa kwao Marekani, katika jimbo la South Carolina, jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu miaka mia na hamsini iliyopita. Nyinyi vijana mlio madarasani sasa, hasa mnaotaka kusomea sheria, naomba mnisikilize.

Jonathan Jasper Wright alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Pennsylvania, upande wa Kaskazini ambako utumwa ulikuwa umekwisha kukatazwa. Wazazi wake walikuwa watu Weusi wakulima. Alisoma katika shule za kijijini, akafanya kazi ili apate karo, halafu akaenda kusoma mji wa Ithaca, New York. Kisha akaingia katika ofisi ya mawakili ya mji wa Montrose kujifunza sheria, kwani siku hizo mtu aliweza kujifunza sheria kwa kukaa na mawakili na kusoma vitabu vyao. Alipojiona yu tayari aliomba kutahiniwa. Hakukubaliwa, na sababu ilikuwa rangi yake.

Hakukaa akilia. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, shirika moja la wamisionari lilimpeleka Beaufort, mji wa pwani ya South Carolina, kuwafundisha askari Weusi na watu waliotoka utumwani kusoma na kuandika. Jimbo lile kabla ya vita lilikuwa na watumwa zaidi ya 400,000, nao walikuwa wengi kuliko Wazungu. Mwaka uliofuata alirudi Pennsylvania. Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya haki za raia, basi safari hii watahini hawakuwa na pa kujificha. Mwezi wa Agosti 1866 akawa wakili, mtu Mweusi wa kwanza katika jimbo hilo. Mara akarejea Beaufort, akawa mshauri wa sheria katika idara ya Serikali iliyowaangalia watu walioachwa huru. Kazi yake ilikuwa mikataba ya vibarua, mishahara iliyodhulumiwa, na mashauri ya watu ambao miaka michache tu nyuma hawakuruhusiwa hata kutoa ushahidi juu ya Mzungu.

Mwaka 1868 wajumbe walikutana Charleston kuandika katiba mpya ya jimbo, na wengi wao walikuwa Weusi. Wright alikuwa miongoni mwao, tena mmoja wa makamu wa mwenyekiti, na alishughulika sana na sehemu ya mahakama. Katiba hiyo ilifungua shule za umma kwa watoto wote na kukomesha kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Ilisema pia kwamba majaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo, yaani ile iliyokuwa ikisikiliza rufani za mwisho, watachaguliwa na bunge kwa miaka sita. Mwaka huo huo watu wa Beaufort walimchagua kuwa seneta wa jimbo.

Mwezi wa Februari 1870 nafasi moja ya jaji ilikuwa wazi, na wabunge Weusi walidai kiti kimoja mahakamani. Wright alichaguliwa akiwa na miaka 29, akimshinda mjumbe mwenzake wa Beaufort, William Whipper. Hakuna mtu Mweusi aliyewahi kabla yake kukalia kiti cha mahakama ya namna ile Marekani. Majaji walikuwa watatu tu: Jaji Mkuu Franklin Moses, Amiel Willard, na yeye. Kwa zaidi ya miaka saba aliandika hukumu zipatazo 90. Nyingi zilihusu madeni, ardhi, mirathi na mikataba, mambo makavu ambayo hayampi mtu sifa magazetini. Lakini nchi iliyotoka vitani huumia hapo hapo.

Sasa nifike penye ugumu. Uchaguzi wa 1876 ulikuwa wa damu. Wafuasi wa Jenerali Wade Hampton, waliovaa mashati mekundu, walizunguka na bunduki kuwatisha wapiga kura Weusi, na katika wilaya mbili kura zilizidi wapiga kura. Gavana Daniel Chamberlain alidai ameshinda, Hampton naye akadai ameshinda. Jimbo likawa na magavana wawili. Ndipo Hampton akamsamehe mfungwa mmoja, Norris, ili mahakama ilazimike kusema ni nani mwenye mamlaka ya kusamehe.

Jaji Mkuu alikuwa mgonjwa mahututi, akafa mwezi wa Machi 1877. Walibaki Willard na Wright. Tarehe 27 Februari Wright alitia sahihi amri ya kumtambua Hampton. Siku mbili baadaye akaifuta sahihi yake na kusema gavana halali ni Chamberlain. Willard hakujali, amri ikatolewa, mfungwa akatoka.

Nimekaa mahakamani miaka mingi, nami najua uzito wa sahihi. Siwezi kumtetea kabisa. Jaji akiona mashaka huizuia kalamu kabla, si baada. Wapo waliosema wazee wa chama chake walimtisha ageuke. Wengine walisema sahihi ya kwanza ndiyo iliyotolewa kwa woga. Mimi naona maoni yake ya pili ndiyo yaliyolingana na imani yake, lakini yalikuja wakati hayamfai mtu yeyote, na pande zote mbili zikamchukia. Tusisahau pia kwamba mtu huyu alikuwa peke yake, mjini mwenye watu wenye silaha.

Mwezi wa Aprili Rais Hayes aliondoa askari wa Serikali Kuu, Chamberlain akaondoka. Bunge la Hampton likaanza mara moja kumwandama Wright, likimshtaki ulevi. Mwanzoni alitaka kupigana, lakini mwezi wa Agosti aliandika barua ya kujiuzulu, na tarehe 1 Desemba 1877 akatoka.

Baadaye alifungua ofisi ya uwakili Charleston, akawafundisha vijana Weusi sheria kwa niaba ya chuo cha Claflin. Kifua kikuu kilimuua mwezi wa Februari 1885, akiwa na miaka 45.

Kiti chake hakikukaliwa tena na mtu Mweusi mpaka 1985, miaka mia kamili baada ya kifo chake, alipochaguliwa Ernest Finney. Huyu naye alikuwa mbunge wa jimbo kabla ya kuwa jaji, na mwaka 1994 akawa Jaji Mkuu.